Alama ya Kujumlisha Ukutani

Kabla ya kumvika mtu kofia ya vipimo huwa namuuliza maswali matatu: kama ameosha nywele bila kupaka mafuta, amepata usingizi wa saa ngapi, na kama amekunywa kahawa. Baba yangu alijibu, "Ndiyo. Tatu. Hapana," akakaa kwenye kiti. Niliandika saa tatu za usingizi kwenye fomu ya mshiriki namba kumi na saba.

Mimi ni fundi sanifu wa vipimo vya ubongo hospitalini. Kofia ninayoitumia ina vifundo thelathini na viwili vya chuma, kila kimoja na waya wake, na chini ya kila kifundo natia tone la jeli ili kishike ngozi. Vifundo hivyo hunasa umeme wa ubongo, ambao ni mdogo kiasi kwamba mtu akiuma meno tu, misuli ya taya inaufunika wote. Nusu ya kazi yangu ni kutofautisha ubongo na vitu vinavyojifanya ubongo.

Nilimwambia Daktari, aliyekuwa akiongoza utafiti huo, kwamba namba kumi na saba ni baba yangu mzazi.

"Mashine haina undugu," alisema.

Nilikubali, ingawa sikupaswa kukubali.

Daktari alitaka kujua kama tafakuri ya mwendo inabadilisha chochote katika ubongo na katika hali ya moyo ya watu waliofiwa. Walikuwa washiriki arobaini na wanne, wote wamefiwa ndani ya miaka miwili. Kwa kura, nusu yao walipelekwa ukumbi wa mazoezi kutembea polepole na kuinua mikono kwa kufuata pumzi, akili yote ikiwa kwenye wayo unaokanyaga sakafu. Nusu nyingine walikaa darasani kusikiliza mihadhara kuhusu lishe, usingizi na shinikizo la damu. Ilikuwa mara mbili kwa wiki, kwa wiki nane. Kila mtu alipimwa mwanzoni na mwishoni, akajaza dodoso la maswali tisa: unalala vipi, unakula vipi, unaona maisha yana maana au hayana. Alama zinaanzia sifuri hadi ishirini na saba, na kadiri zilivyo nyingi ndivyo hali ilivyo mbaya. Baba alianza na kumi na tisa.

Mama alikuwa amefariki mwaka mmoja na miezi minne kabla ya hapo. Baba ni mpima ardhi mstaafu, na maisha yake yote amekuwa mtu wa kusahihisha. Alikuwa hawezi kupita kwenye ukuta mpya bila kumwambia mwashi umeegemea upande gani. Akialikwa nyumbani kwa watu, ananyoosha picha zao kabla hajakaa. Mama alikuwa akimwambia, "Mzee, hapa tumekuja kula, hatukuja kukagua." Alipofariki, Baba aliacha kusahihisha. Picha ya harusi yao sebuleni ilipinda mwezi wa pili, naye alikaa akiitazama hivyo hivyo. Asubuhi nilikuwa nikimkuta kwenye ukingo wa kitanda, viatu mkononi, na nikirudi jioni yuko pale pale, viatu sakafuni karibu na mguu wake, havijavaliwa.

Katika kipimo cha kwanza nilimsomea maelekezo kwa kipaza sauti, kwa sababu chumba cha kipimo hakina dirisha na fundi hukaa chumba cha pili mbele ya skrini. "Kaa ukiwa umetulia. Macho wazi. Angalia alama ya kujumlisha iliyoko ukutani kwa dakika tano."

Baada ya dakika tano, nilipokuwa nikimvua kofia, alisema, "Hiyo jumlisha yenu imelala kulia. Digrii mbili, pengine mbili na nusu."

Ilikuwa sentensi yake ndefu kuliko zote za wiki ile. Kura ikamwangukia ukumbi wa mazoezi.

Aliyewatembeza alikuwa mtaalamu wa mazoezi ya tiba ambaye wagonjwa walimpa jina la Kobe. Ni mtu mrefu, mwenye haraka katika kila jambo isipokuwa hilo moja. Nilipita ukumbini Jumanne ya pili nikasimama mlangoni. Watu ishirini na wawili wazima walikuwa wakivuka mita sita za sakafu kwa dakika nne, kimya, kama watu wanaobeba ndoo za maji zilizojaa. Baba alikuwa wa tatu kutoka kushoto, midomo ikicheza.

"Mzee, unahesabu," Kobe alimwambia.

"Nahesabu nini? Natembea."

"Midomo inahesabu."

"Miaka thelathini na minne nimelipwa kwa kuhesabu hatua, kijana. Huwezi kuja kuniachisha kwa Jumanne mbili."

"Basi hesabu, lakini hesabu hatua moja tu. Ukimaliza, hesabu tena hiyo hiyo."

Baba alifikiri kidogo. "Hiyo hesabu ya kijinga," alisema, kisha akainua mguu.

Wiki ya nne nilirudi nyumbani nikakuta picha ya harusi imenyooka. Wiki ya tano alimwita mwashi wa jirani akamwonyesha kwa uzi na timazi kwamba ukuta wake umetoka nje kwa kidole kizima, wakagombana vizuri kwa nusu saa. Alikuwa akilala saa sita. Na karibu kila siku aliniuliza, "Ile jumlisha mmeinyoosha?"

"Bado, Baba."

"Hospitali nzima haina pima maji?"

Asubuhi ya kipimo chake cha mwisho nilibeba pima maji yake mwenyewe kwenye mkoba, nikaibandua karatasi yenye ile alama na kuibandika upya, povu likiwa katikati kabisa. Akaja kutoka ukumbini, shati limelowa kidogo mgongoni. Nilimvika kofia, nikaenda chumba changu, nikasema kwenye kipaza sauti, "Kaa kama mara ya kwanza, dakika tano." Hivyo ndivyo nilivyowaambia wote katika kipimo cha mwisho. Walikuwa wanajua utaratibu, na sikuona haja ya kuwasomea karatasi nzima ya maelekezo tena.

Rekodi yake ilikuwa safi, na mawimbi ya alfa, ambayo ubongo hutoa ukitulia, yalikuwa yamepanda vizuri. Za wenzake zilikuwa hivyo hivyo. Daktari alipojumlisha matokeo, alfa za kundi la kutembea zilikuwa zimepanda kwa asilimia arobaini, na za darasani hazikubadilika. Alama za Baba kwenye dodoso zilikuwa zimeshuka hadi nane.

Daktari alichora grafu. Bodi ya hospitali ilikuwa ikutane Alhamisi kuamua kama ukumbi wa mazoezi ubaki kwa Kobe na watu wake, au ugeuzwe masjala ya majalada ya zamani ambayo yalikuwa yamejaa hadi kwenye korido. "Kwa grafu hii," Daktari alisema akiigonga skrini kwa kalamu, "majalada yatafute pengine."

Jumapili dada yangu mkubwa, ambaye ni mwalimu, alikuja kula mchana nasi. Baba alikuwa amenyoa. Alikula sahani nzima akaongeza, akamwambia Dada kwamba kola ya blauzi yake imeshonwa upande mmoja juu kuliko mwingine.

"Asante, Baba. Nimeivaa miaka mitatu bila kujua naaibika."

"Wengine wanaogopa kukwambia."

Nilikumbuka alama ya ukutani. "Baba, nawe hukusema kitu kuhusu jumlisha. Nimeinyoosha kwa pima maji yako."

"Lini?"

"Siku ya kipimo, kabla hujaingia."

"Sikuiangalia. Nilikuwa nimefumba macho."

Nikaweka kijiko chini. "Ulitakiwa kuiangalia."

"Mara ya kwanza ulisema niiangalie. Safari hii ulisema nikae. Kwa Kobe ukimaliza kutembea unakaa, unafumba macho, unasikiliza pumzi. Nikakaa."

"Wote mnafumba?"

"Wote. Kuna shida?"

Nikasema hapana. Dada alinitazama usoni, akaendelea kula.

Shida ilikuwa hii. Mtu yeyote akifumba macho, alfa zake hupanda. Haihitaji tafakuri wala mwendo wala msiba. Mtoto akifumba macho zinapanda, na mwizi akifumba zinapanda vile vile. Ni jambo la kwanza tunalofundishwa, wiki ya kwanza ya chuo.

Jumatatu nilifika kazini saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Programu yetu huondoa alama za kupepesa macho kabla ya kukokotoa, kwa sababu kope ikishuka huacha mlima mrefu kwenye rekodi, mkubwa kuliko chochote kinachotoka ubongoni. Rekodi ghafi hubaki na milima hiyo. Nilizifungua moja baada ya nyingine. Vipimo vya mwanzo vilikuwa na kupepesa mara kumi na tano kwa dakika, ishirini, kumi na mbili. Katika vipimo vya mwisho vya kundi la kutembea, rekodi kumi na tisa kati ya ishirini na mbili hazikuwa na mlima hata mmoja. Mtu mwenye macho wazi hawezi kukaa dakika tano bila kupepesa. Za darasani zilikuwa na milima yote, maana hakuna aliyekuwa amewazoesha kufumba. Nilikumbuka jinsi nilivyojisifu kwamba kazi yangu ya mwisho ilikuwa safi. Ilikuwa safi kwa sababu hapakuwa na kope zilizokuwa zikifanya kazi.

Kosa halikuwa la mashine wala la Kobe. Lilikuwa la sentensi moja niliyoifupisha.

Kabla ya kwenda kwa Daktari nilimpigia simu Dada, jambo ambalo si kawaida yangu.

Alisikiliza hadi mwisho. "Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

"Na ukisema, ukumbi unaondoka."

"Inawezekana."

"Wewe una baba mmoja na grafu ngapi?"

Niliifunga rekodi iliyokuwa kwenye skrini.

"Mwaka jana ulikuwa unanipigia simu kuniambia hajavaa viatu," alisema. "Sasa ananitukania blauzi. Acha mambo yaende, mdogo wangu. Hakuna anayekufa kwa mawimbi."

"Wataweka watu wengine kwenye mazoezi kwa sababu ya mawimbi ambayo hayapo. Wataacha kuwapa dawa, pengine."

"Pengine," alisema, akakata.

Niliamua kwamba Baba ajue kabla ya Daktari, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa na cha kupoteza. Nilirudi nyumbani saa ya mapumziko. Alikuwa uani akivuka kutoka bomba hadi kamba ya nguo kwa mwendo wa Kobe. Nilisubiri afike. Nikamweleza bila kupunguza wala kuongeza: macho, alfa, bodi, Alhamisi.

"Asilimia arobaini yote ni macho?" aliuliza.

"Sijui. Sehemu kubwa ni macho. Inabidi tupime upya."

Akakaa kwenye ngazi ya mlango. "Nilipokuwa na mwaka wa tatu kazini nilipima kiwanja cha shule kwa tepu iliyokuwa imekatika mwanzoni ikaungwa. Ilikuwa imepungua sentimita ishirini, nami sikuiangalia. Ramani ilifunga vizuri ajabu, kila kona ikakutana na mwenzake, kwa sababu kila mstari ulikuwa umekosewa kwa tepu ile ile. Bosi alinisifu mbele ya watu."

"Ukafanyaje?"

"Nilirudi nikang'oa vigingi arobaini na kimoja. Wiki tatu, jua kali. Mama yako alinishikia upande wa sifuri kwa sababu ofisi ilikataa kunipa msaidizi wa kufanya kazi mara mbili. Alinicheka wiki zote tatu."

"Ukumbi unaweza kwenda, Baba."

"Nimekusikia." Alikuwa akitazama kamba ya nguo. "Peleka, mama. Ukikaa nalo utaanza kuniangalia vibaya mimi."

Daktari aliangalia rekodi ghafi kwa muda mrefu. Ni mtu asiyependa kuonekana akishtuka, hivyo alisafisha miwani yake mara mbili.

"Ni watu wangapi wanajua?"

"Wewe na mimi. Dada yangu. Na namba kumi na saba."

"Namba kumi na saba alisemaje?"

"Alisema nilete."

Alicheka kidogo bila furaha. "Nimekwisha kuwatumia wajumbe muhtasari." Kisha akavuta kalenda. "Kesho kundi la kutembea lina zoezi; wiki nane zimeisha lakini hawajaacha kuja. Tuwapime wote watakaokuja, macho wazi, uwasomee karatasi nzima neno kwa neno. Na safari hii mtu akae nao chumbani kuwatazama."

Mtu huyo alikuwa Kobe. Nilimweleza koridoni, katikati ya rundo la majalada yaliyokuwa yakisubiri ukumbi wake.

"Kwa hiyo, dada, miezi miwili nimewafundisha watu kufumba macho na hospitali ikafikiri ni muujiza."

"Si kosa lako."

"Najua si langu. Nafurahia tu kulisema." Akapunguza sauti. "Lakini wanalala. Yule mama wa namba nane amerudi dukani kwake. Hilo kwenye skrini yako liko wapi?"

"Haliko kwenye skrini. Liko kwenye dodoso, swali la usingizi."

"Basi lisome na hilo kwa sauti."

Siku iliyofuata walikuja watu kumi na saba. Tulimaliza kukokotoa Jumatano mchana. Alfa zikiwa zimepimwa macho wazi, kundi la kutembea lilikuwa juu ya kipimo chake cha mwanzo kwa asilimia sita. Kwa idadi ile ya watu, asilimia sita inaweza kuwa kitu na inaweza kuwa bahati. Hakuna njia ya uaminifu ya kusema zaidi ya hapo. Kwenye dodoso, kundi la kutembea lilikuwa limeshuka alama saba kwa wastani. Kundi la darasani nalo lilikuwa limeshuka nne. Watu waliofiwa walikuwa wamepata nafuu hata kwa kusikiliza habari za chumvi na shinikizo la damu, labda kwa kuwa na mahali pa kwenda Jumanne. Tofauti iliyobaki ilikuwa alama tatu. Tatu si sifuri, lakini wengi wetu tulitamani zaidi.

Alhamisi Daktari aliwaambia bodi hayo yote, akaeleza na lile kosa bila kutaja jina langu. Nililitaja mwenyewe. Mwenyekiti alishukuru kwa uwazi, akasema utafiti mkubwa zaidi ungefaa, akauliza kama kuna swali. Hakukuwa na swali. Ukumbi ukapewa masjala kuanzia tarehe moja.

Nilimpelekea Baba habari jikoni. "Sawa," alisema, akaendelea kumenya kiazi. Siku mbili hakusema mengi, na Jumapili Dada alikuja na blauzi ile ile akasubiri, lakini Baba hakuigusa kola. Tulipokuwa tukiosha vyombo Dada hakunilaumu. Aliniambia tu, "Umeona."

Nilikuwa nimeona.

Jumanne ya kwanza isiyo na ukumbi nilikuwa na zamu ya mchana. Saa tatu asubuhi, saa ambayo angekuwa njiani, nilipita mlangoni kwake. Alikuwa kwenye ukingo wa kitanda, viatu mkononi. Niliangalia saa yangu. Nilipopita tena ilikuwa saa tatu na dakika ishirini, naye alikuwa vile vile. Nikaingia bafuni nikafungua maji nisisikie ukimya wa nyumba. Huo si uamuzi wa kitaalamu, lakini ndicho nilichofanya.

Nilipofunga maji nilisikia kitu kizito kikiburutwa sakafuni.

Sofa ilikuwa imesukumwa hadi ukutani. Meza ya chakula ilikuwa njiani kwenda varandani, imekwama mlangoni, na Baba alikuwa upande wa pili akiisukuma kwa bega, viatu miguuni.

"Usisimame hapo kama mgeni," alisema. "Iinue mguu mmoja."

Niliinua. Meza ikapita.

"Unafanya nini, Baba?"

"Nimeongea na Kobe kwa simu. Anataka mita sita zilizonyooka, zisizo na kona. Anatoka kazini saa tisa. Namba nane anakuja, na yule wa miwani, na mapacha wa kundi letu, na wengine. Tuko wanane." Alitazama sebule kama anavyotazama ardhi ya watu, jicho moja dogo kuliko lingine. "Kutoka mlango wa jikoni mpaka kizingiti cha varanda. Kwa macho naona inatosha. Lakini macho ni macho."

Akatoa tepu mfukoni. Ilikuwa tepu yake ya kazini, ya chuma, kwenye kasha la ngozi. Akanipa ncha.

Nilirudi kinyumenyume hadi mlango wa jikoni, tepu ikifunguka kati yetu, nikapiga goti na kuibana ukutani.

"Sifuri?" aliuliza kutoka varandani.

"Iko ukutani."

"Usinikadirie. Angalia."

Niliinama nikaangalia. Ilikuwa imetoka kwa milimita mbili. Nikaisogeza.

"Sasa iko."

Alikaza tepu, akasoma mara mbili kama alivyofundishwa.

"Sita na sentimita kumi na moja," alisema. "Andika. Na ile picha ya harusi, imegongwa na sofa. Imelala kushoto."